Jibu Bichi

"Tanuri haijawahi kunidanganya, na mimi sijawahi kuidanganya."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya Yotamu Bitaliho, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwendesha mashine wa mji wa Ruchonza. Kila alipoyasema alikuwa ameegemea kiti, miguu ameipandisha mezani, utadhani mashine ile alizawadiwa siku ya kipaimara. "Kuanzia hapa mpaka Kasulu hakuna anayeijua kama mimi. Mwenye shida aje. Mwenye shida ya haraka aje na mihogo."

Majigambo hayo yalikuwa yameingia doa tangu jana saa kumi na robo jioni. Leo, saa nne asubuhi, miguu ilikuwa chini ya meza, na Yotamu alikuwa akiitazama redio ya upepo kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemfahamu.

Redio ikakwaruza.

"Yotamu, Yotamu, hapa Tutani. Unanipata? Ova."

Alikuwa Injinia Kagoma. Alikuwa kilomita ishirini kutoka pale, amesimama juu ya tuta la udongo linalouzuia mto Malagarasi usiingie kwenye vitongoji tisa vya bondeni. Tuta lilikuwa limeanza kuvuja alfajiri. Wapimaji wake walisema litahimili mpaka saa kumi jioni, na Injinia Kagoma hakuwa mtu wa kuongezea saa kumi dakika za kujifariji.

"Nakupata, Injinia. Ova."

"Mpango wako umeanza kazi. Roli la kwanza limeshapakia Kichangani. Sasa nisaidie huku mwisho wa karatasi, nilikuwa sijafika. Naona neno 'pengo', halafu arobaini na moja. Arobaini na moja nini? Ova."

Yotamu alikuwa amelisubiri swali hilo tangu alipoamka. Alikuwa amelitayarishia majibu matatu, yote mazuri. Yote yakayeyuka.

"Watu, Injinia. Wa kitongoji cha Bweru. Hawana nafasi kwenye roli. Ova."

Redioni ulisikika mngurumo wa pampu zinazonyonya maji tutani.

"Na hilo ndilo jibu bora ambalo Tanuri imelipata?"

"Ndiyo, Injinia," mdomo ukajibu, kichwa kikiwa bado njiani. "Ova."

Akaachia kitufe cha kusemea, akaweka kipaza sauti mezani. Akakifuta jasho. Kisha akashuka ngazi kwenda chini kuiangalia mashine, ingawa alijua fika kwamba mashine haina uso wa kuangaliwa.

Watu wa Ruchonza waliiita Tanuri kwa utani tu, maana ndani ya tumbo lake palikuwa na baridi kuliko mahali popote mtu alipowahi kutetemekea. Ilikuwa kompyuta ya kwanta. Kompyuta ya kawaida hujaribu njia moja, ikashindwa, ikajaribu nyingine, kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Tanuri ina vipete elfu sita, vidogo kuliko vumbi, na kila kipete husema ndiyo na hapana kwa pamoja. Unavipa tatizo, vinavutana, mpaka vyote vikubaliane. Tabu yake ni ileile ya kikao cha harusi: wajumbe wakifikia jibu la nafuu, wanachoka, wanakaa hapohapo na kuomba soda. Ndipo unapoingiza joto. Joto dogo, la kuwashtua, wainuke watafute tena. Halafu unaliondoa taratibu, saa mbili nzima, mpaka vipete vitulie kwenye jibu ambalo hakuna la kulishinda. Hilo huitwa jibu lililoiva. Ukiliondoa joto kwa pupa, vipete vinaganda palepale vilipokuwa vimejikwaa, na unapata jibu bichi. Kwa sura yanafanana. Bichi nalo lina majina yote, barabara zote, saa zote. Namba ya mwisho tu ndiyo hutofautiana.

Na joto linaloondolewa huenda wapi? Hapo ndipo palipokuwa na kosa ambalo lingeweza kufanyika Ruchonza peke yake.

Tanuri ilikuwa imewekwa kwenye ghala la zamani la chumvi, na bomba lake la joto lilipita nje, chini ya makarai ya wanawake wanaochemsha maji ya chemchemi ya chumvi. Hakuna aliyekata kuni tena. Siku za kawaida joto lilikuja polepole, na chumvi ikatoka punje kubwa zinazong'aa. Lakini kila mkesha wa mnada wanawake walikuwa na desturi ya kuja dirishani: "Mwanetu, tupe moto." Yotamu naye angefungua valvu ya pembeni, pampu za baridi zingenguruma, na joto la saa mbili lingetoka lote kwa dakika arobaini. Makarai yangefura povu. Chumvi ya namna hiyo hutoka laini kama unga, wanunuzi huipitisha kidoleni na kununa, lakini gunia ni gunia. Yotamu angepata mihogo ya kukaanga. Tanuri ingepata jibu bichi kuhusu roli gani la chumvi litangulie wapi, roli lingechelewa robo saa, na chumvi haiozi. Nani alidhurika?

Jana ilikuwa mkesha wa mnada.

Jana pia Injinia Kagoma alikuwa ametuma tatizo lake: maroli kumi na mawili, vitongoji tisa, madaraja matatu yasiyopenda uzito, watu mia saba na kumi. "Ni tahadhari tu," alisema Injinia. Yotamu alilisikia lile "tu" kuliko maneno mengine yote. Wanawake walipokuja dirishani alifungua valvu, akala mihogo, akaiona ile namba arobaini na moja ikitoka, akajiambia kwamba mambo yakiwa mazito watarudia tu. Kisha akachukua kalamu na kuandika juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, LIMEIVA, na nakala akamtumia Injinia.

Usiku ule mvua ilinyesha huko juu Burundi kama iliyokuwa na kisasi.

*

Saa tano kasoro Yotamu alikuwa na penseli. Alifikiri kwamba huenda angeweza kufanya kwa mkono kile ambacho Tanuri haikuachwa ifanye. Nafasi zilikuwepo: maroli kumi na mawili, watu sitini kila moja, ni mia saba na ishirini. Zilizidi hata kumi. Kwa nini basi arobaini na moja wakose?

Alilichomoa roli la nne kutoka Kichangani na kulipeleka Bweru. Vizuri. Lakini daraja la Bweru lilikuwa linabeba maroli matatu tu kabla ya nguzo kulegea, na la nne lingekuwa la nne. Akalizungusha la tisa lipite barabara ya juu. Likachelewa Mlimani, na Mlimani wakakosa nafasi watu hamsini. Akalirudisha. Akalisogeza la pili. Kila alipomvuta mmoja, wengine wanane walisogea. Baada ya nusu saa alikuwa amewaokoa watu wote wa Bweru na kuwaua mia na kumi na wanane wa mahali pengine, kwenye karatasi, kwa penseli.

Akaufutafuta ule mchoro mpaka karatasi ikatoboka.

"Kijana wa baridi, upo?" Ilikuwa redio tena, sauti ya Sadoki, dereva wa roli la saba, mtu wa maneno mengi hata breki zikikatika. "Mbona leo umenyamaza kama bwana harusi? Ova."

"Nipo, bro. Nafanya kazi. Ova."

"Kazi gani, wewe unapika baridi. Sikiliza, mpango wako umenipeleka Bweru kwa barabara ya chini, maji yameshafika kwenye matairi. Nikitoka na mzigo huu sirudi tena, barabara itakuwa imezama. Nikuulize kitu kama mwanaume. Kuna wa kubaki? Maana huku wanahesabu nafasi, na mwenyekiti wao ananiangalia vibaya. Ova."

Yotamu aliitazama karatasi iliyotoboka.

"Injinia atasema, bro. Mimi natoa hesabu tu. Ova."

"Haya, mtaalamu." Sadoki akacheka kidogo, kicheko kilichokosa pa kukaa. "Mimi kazi yangu usukani. Ova na kutoka."

Ukutani kulikuwa na saa. Yotamu alikuwa ameshaipigia hesabu, hesabu pekee ya siku hiyo aliyoifanya bila kukosea. Tanuri inahitaji saa mbili kuivisha. Kutoka njia panda mpaka Bweru kwa barabara ya juu ni saa moja na nusu. Tuta linabomoka saa kumi. Kwa hiyo kama kuna wa kuiwasha Tanuri upya, ianzie pale maroli yalipo sasa, basi aiwashe kabla ya saa sita na nusu mchana. Baada ya hapo hata jibu lililoiva litakuwa habari tu.

Na huenda hata likiiva pengo lingebaki palepale. Wazo hilo lilimjia likiwa limevaa vizuri, likakaa karibu naye. Huenda arobaini na moja ndiyo kweli ya mambo. Utakwenda jela kwa ajili ya huenda? Utasimamisha maroli kumi na mawili barabarani kwa ajili ya huenda? Lilikuwa wazo zuri sana. Tatizo ni kwamba kila lilipomaliza kusema, macho yake yalirudi kwenye saa ya ukutani.

*

Saa tano na nusu mlango ulisukumwa, akaingia Mama Jovita. Huyu ndiye aliyekuwa msemaji wa wapika chumvi, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mikono iliyokaukiwa na chumvi mpaka kwenye viwiko.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hujala, unanidanganya, midomo imekupauka." Akaangalia redio, akaangalia karatasi iliyotoboka, akaangalia ukuta. Hakukaa. "Spika ya redio yako tunaisikia mpaka kwenye makarai. Nimesikia wanataja Bweru."

"Wanahamishwa, mama. Mpango upo."

"Nashukuru. Dada yangu ameolewa kule." Akajikuna mkono, chumvi ikadondoka sakafuni. "Nina swali la kijinga."

"Hakuna swali la kijinga, mama, kuna watu wa kijinga tu, na wewe haumo." Utani ulitoka wenyewe, kama kikohozi.

Mama Jovita hakucheka. "Jana ule moto uliotupa. Tanuri ilikuwa inapika nini?"

Yotamu alihisi kama ameshika waya.

"Jana? Aa. Ratiba ya maroli ya chumvi. Kama kawaida yetu."

"Siyo hii ya mafuriko?"

"Hii ya mafuriko tuliipika baadaye, mama. Polepole. Saa mbili kamili, kwa adabu zote."

Mama Jovita akamtazama kwa muda, jinsi wapika chumvi wanavyolitazama karai kujua kama limefika. Yotamu akatabasamu. Alikuwa na tabasamu moja zuri la kuwapa wazazi wa watu, na alilitumia lote.

"Basi sawa," akasema Mama Jovita. "Nilitaka kulala nikilijua hilo." Akatoka, akauvuta mlango, lakini mlango ule haukuwahi kufunga sawasawa.

Yotamu akakaa chini. Akagundua kwamba alikuwa amesimama wakati wote huo ameibana karatasi ya mpango nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeficha kopo la sukari.

*

Saa sita na dakika tano alijaribu njia ya katikati. Mtu mwerevu, alijiambia, hahitaji kuchagua kati ya kukiri na kunyamaza.

"Tutani, Tutani, hapa Tanuri. Injinia, nilikuwa nafikiri. Kwa uhakika zaidi, tungeirudia ile hesabu. Ova."

"Kwa nini? Ova."

"Kwa uhakika tu, Injinia."

"Yotamu, nisikilize vizuri." Sauti ya Injinia Kagoma ilikuwa imechakaa. "Kuwasha Tanuri ni kunizimia pampu mbili kati ya tatu. Umeme ni uleule mmoja. Nikizizima, tuta linaweza kubomoka saa tisa badala ya saa kumi, na watu walio njiani wanaingia majini. Nitazizima nikiwa na sababu. Kama lile jibu lilikuwa bichi, hiyo ni sababu, nitazima sasa hivi hata kama roho inaniuma. Kama liliiva, kulirudia ni kuwaua watu kwa ajili ya kukutuliza wewe. Umeandika hapa LIMEIVA. Daftari la mashine linasema joto lilishuka kwa muda gani? Nisomee. Ova."

Daftari la mashine lilikuwa mbele yake, ukanda mrefu wa karatasi. Lilisema dakika arobaini na mbili. Lilisema hivyo kwa wino mweusi, bila chuki.

"Saa mbili na dakika tatu," akasoma Yotamu. "Ova."

Alishangaa mwenyewe jinsi zile dakika tatu zilivyotoka. Zilikuwa zimenakshi uongo kama mtu anavyotia hiliki kwenye chai.

"Basi ndiyo hivyo," akasema Injinia. "Ndilo jibu lililopo duniani. Sasa nifanye nini na watu arobaini na moja? Nikinyamaza, watagundua roli la mwisho likijaa, na watakanyagana, tutapoteza wengi zaidi. Nimezungumza na mwenyekiti wa Bweru. Ni mzee wa watu, amelia, halafu ameniambia wapewe muda wachague wenyewe. Nani apande, nani abaki. Wamekusanyika shuleni. Wanasubiri neno langu tu ili waanze."

Yotamu aliona kitu ambacho hakutaka kukiona: uwanja wa shule, watu wamekaa chini, mtu mmoja anasimama na kusema mimi nitabaki, na mwingine hasemi, na mwingine anaangaliwa na wote mpaka aseme. Na juu ya kichwa cha kila mmoja wao, herufi zake kubwa. LIMEIVA.

"Injinia," akasema.

"Ndiyo."

Alitaka kusema. Neno lilikuwepo, lilikuwa fupi, lilikuwa limefika hadi kwenye meno. Lakini nyuma yake aliona pingu, akamwona mama yake akipita sokoni watu wakinyamaza, akaona uso wa Sadoki. Na saa ukutani ikawa saa sita na dakika kumi na tisa.

"Yotamu, madereva wote wapo kwenye mtandao huu, wananisikia. Sitaki mtu aje aseme kesho kwamba sikuuliza. Nakuuliza mara ya mwisho kabla sijawapa Bweru neno. Jibu liliiva? Ova."

Yotamu akakinyanyua kipaza sauti. Akabana kitufe kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayeziba tundu.

"Liliiva, Injinia."

"Halikuiva."

Sauti haikutoka redioni. Mama Jovita alikuwa amesimama mlangoni. Haikujulikana alikuwa hapo kwa muda gani, lakini chumvi iliyodondoka kutoka mikononi mwake ilikuwa imefanya mstari mweupe kwenye kizingiti.

"Mama, ngoja kwanza..."

"Nimengoja. Nimeongea na mwanangu Jovita pale nje, ndiye hupakia maroli ya chumvi. Nikamwuliza ratiba ya chumvi ya leo inasemaje. Akaniambia, mama, ratiba gani, mnada umefutwa tangu jana saa saba mchana, nyinyi hamkuambiwa tu, na maroli yote ya chumvi ndiyo hayohayo yanayobeba watu." Hakupandisha sauti. "Sasa jana saa kumi na robo ulikuwa unaipangia nini Tanuri, Yotamu? Nilisimama kwenye dirisha hilo. Nikakuona unafungua valvu, unanichekea. Makarai yalikauka kabla sijamaliza kuchambua dagaa. Hizo siyo saa mbili."

"Mama Jovita, nakuomba. Naomba tuongee taratibu. Sikujua kama ingefika huku. Ilikuwa tahadhari tu, alisema tahadhari tu, na nyinyi ndio mliokuja kuomba..."

"Moto niliuomba mimi. Hilo ni langu, nitalisema kwa mdomo wangu na kwa yeyote. Lakini mimi sikujua ulikuwa unapika watu. Wewe ulijua."

"Nilijua," akasema Yotamu, kwa sauti ndogo sana, kwa sababu walikuwa wawili tu chumbani na ilionekana hakuna tena haja ya kukataa. "Niliiona ile namba, mama. Nilijua. Ila usimwambie Injinia, mimi mwenyewe nitatafuta namna ya..."

Mama Jovita hakuwa anamtazama usoni tena. Alikuwa anamtazama mkono.

Yotamu naye akautazama. Kidole gumba kilikuwa bado kimekibana kitufe, kimekuwa cheupe mpaka kwenye ukucha, na hakikukubali kuachia. Ilimbidi akiondoe kwa mkono wa pili, kama mtu anayebandua kupe.

Redio ikakwaruza. Pampu zilisikika zikinguruma tutani, moja, mbili, tatu. Kisha sauti ya Sadoki, ambayo safari hii haikuwa na utani hata wa dawa.

"Unasikika vizuri, Yotamu. Wote tunakusikia. Endelea. Ova."